Bajeti ya kuusaidia msitu uhimili tabianchi: asilimia, bei ya kuazima, au kuhesabu kazi moja moja?

Kuna siku nilikaa chini ya mwembe kuanzia asubuhi mpaka jioni na kamati ya maliasili ya kijiji tukijaza fomu ya kuomba pesa, fomu yenyewe kurasa kumi na kitu lakini iliyotukwamisha ni kaboksi kamoja tu kameandikwa "gharama kwa hekta". Katibu akataka kuandika namba aliyoisikia semina, mzee mmoja wa kamati akamzuia, hekta ipi hiyo? Ya bondeni kwenye maji au ile ya kilimani inayoungua kila Septemba? Watu wakacheka, ila ukweli pale ndo tulipoanza kazi upya.

Tangu siku ile naulizwa sana swali hilo hilo, na vijiji, na vijana wa asasi ndogo, na juzi mtu wa halmashauri, kwamba ukitaka kujua ni hela ngapi zinahitajika kuusaidia msitu upambane na mabadiliko ya tabianchi utumie njia gani. Ziko tatu ninazoziona mtaani na nitaziweka ubavu kwa ubavu hapa. Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukadhani nimejificha: bei ya miche ndo inayojaza bajeti nyingi, na miche ndo sehemu ndogo ya gharama. Hela inaliwa na miaka, yaani watu kutembea porini mwaka baada ya mwaka, na mfugaji kuambiwa ng'ombe wasipite hapa. Njia yoyote isiyoiona miaka itakudanganya.

Na tuelewane kwanza hiyo "kuusaidia msitu" ni nini, maana wengi wakisikia hivyo akili inakimbilia kitaluni. Mvua zikichelewa na kiangazi kikirefuka msitu unahitaji moto udhibitiwe, mifugo ikae mbali mpaka machipukizi yapite kimo cha mbuzi, wadudu wafuatiliwe, mbegu za miti inayovumilia ukame zitafutwe, na kule pwani mikoko ipate pa kusogea bahari ikipanda. Kila kimoja kina bei yake na hizo bei hazifanani hata kwa bahati mbaya.

Asilimia kutoka juu

Hii ni ya wakubwa. Mwaka 2007 sekretarieti ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio ya dunia ya mwaka 2030, kwa kilimo, misitu na uvuvi vikiwa kapu moja ikapata kama dola bilioni 14 kwa mwaka. Walizipataje? Walichukua uwekezaji unaotarajiwa kwenye sekta hizo wakaupandisha asilimia 2, upande wa utafiti na ugani wakapandisha asilimia 10, basi, imetoka hiyo. Hakuna shimo lililohesabiwa wala doria. Mwaka 2009 mtafiti wa tabianchi Martin Parry na wenzake wakaipitia hesabu nzima ya ile ripoti wakasema jumla yake ni ndogo, ya kweli inaweza kuwa mara 2 mpaka 3, na mifumo ya asili, misitu ikiwemo, ukiiingiza inavyostahili inaweza kuongeza kati ya dola bilioni 65 na 300 kwa mwaka. Hebu iangalie hiyo nafasi, 65 mpaka 300! Fundi akikuambia nyumba yako itakula milioni 65 au pengine 300 utamfukuza, lakini huku ndo kiwango cha uhakika tulichonacho ukikadiria kwa mbali. Ripoti ya 2023 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, nayo inasema nchi zinazoendelea zinahitaji dola bilioni 215 mpaka 387 kwa mwaka muongo huu kwa sekta zote kuhimili tabianchi, ni namba nzuri ya kusimama nayo kwenye mkutano wa kimataifa ukadai haki, siibezi.

Uzuri wa asilimia ni wepesi, mtu mmoja na kompyuta anamaliza kwa mchana mmoja. Ubaya wake ukija huku chini ni huu: asilimia ya nini? Msitu wa hifadhi wa kijiji ambao bajeti yake ya mwaka jana ilikuwa sifuri, wanaulinda vijana wanaopewa soda, ukiuongezea asilimia 2 unapata sifuri vilevile. Yaani waliosahaulika zamani wanasahauliwa tena, safari hii kwa kikokotoo. Na msitu wenye bajeti nono, pengine shamba la misindano lenye magari na ofisi, unaongezewa zaidi hata kama hauna shida kubwa.

Bei ya kuazima

Hapa unachukua gharama ya hekta moja kwenye mradi uliofanikiwa mahali fulani unazidisha na hekta zako. Wengi tunafanya hivi hata kama hatusemi.

Mfano unaoazimwa kuliko yote Tanzania ni Shinyanga. Nchi ile ilishafyekwa kupisha pamba na kuua mbung'o mpaka ikaitwa jangwa la Tanzania, mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kung'ang'ana na miche tu wakarudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike kwa ajili ya kiangazi. Mwaka unaanza mradi ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600, kufika 2004 zimepita hekta 300,000. Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa wizara ya maliasili na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliokadiria kwamba faida ya ngitili, kuni, malisho, dawa, asali, nguzo, ni kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Sasa mtu akisoma hayo akili inamtuma agawanye hela za mradi kwa hekta 300,000, anapata kibei kidogo kitamu sana, anakipeleka Lindi au Kwale.

Akifika inamgomea. Kwa sababu kilichofanya Shinyanga iwe rahisi hakikuandikwa kwenye vitabu vya mradi. Mizizi ilikuwa hai ardhini ikisubiri kupumzishwa. Watu walishajua ngitili ni nini, hukuhitaji semina ya siku tano yenye posho. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikuwepo kuamua nani kakosea na sungusungu walikuwepo kumfuata aliyekosea usiku huo huo. Hiyo ni gharama tayari imelipwa na mababu na majirani, sasa wewe ukienda mahali ambapo hakuna dagashida itabidi ununue kitu kinachofanana nayo, na hakiuzwi kwa bei rahisi, kuna kutunga sheria ndogo, kuzipitisha halmashauri, kusuluhisha mipaka, vikao na vikao.

Upande wa bahari mfano wa kuazima ni Gazi, kaunti ya Kwale kule Kenya. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, ilianza kuuza kaboni 2013 (yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayokamatwa na mikoko), hekta 117 tu, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na hela yake imeingia kwenye maji na shule za kijiji. Watu wanaichukua Gazi kama kipimo cha bei ya hekta ya mikoko lakini wanasahau pale jirani kuna watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya waliofanya kazi kwenye mikoko ile miaka mingi kabla ya kaboni kuuzwa, ujuzi huo hukuununua. Pia hekta za Gazi haziko sawa na za delta ya Rufiji ambako ndani ya mikoko kuna mashamba ya mpunga na watu wamezaliwa humo. Rufiji gharama kubwa haiwezi kuwa mche, mche wa mkoko unauokota chini ya mti mama unauchomeka kwenye tope. Gharama ni ardhi: bahari ikipanda mikoko inataka kurudi nyuma, na huko nyuma kuna mpunga wa mtu, sasa nani atamlipa yule?

Nikiwa kwenye mikoko niseme na hili, kuna upandaji unaoonekana rahisi kwa sababu unapandwa pasipotakiwa. Watu wanachukua ile aina moja inayoitwa mkoko wenyewe, kwa vile tunda lake ni refu na rahisi kushika, wanauchomeka kwenye tope la mbele kabisa ambalo kiasili ni la mlilana, aina nyingine ya mikoko, au si la mti wowote, picha inapigwa, maji yanakuja yanabeba. Kwenye karatasi bei ya hekta ni ndogo sana. Kwa mti ulio hai bei haina mwisho maana hakuna mti hai.

Kwa hiyo bei ya kuazima naitumia kujua kama niko kwenye mamilioni au mabilioni, na kuikagua hesabu yangu. Kuiweka kwenye fomu kama ndo gharama yangu, hapana.

Kuhesabu kazi moja moja

Hii ndo tuliyofanya chini ya mwembe. Inachosha. Unaugawa msitu kwanza kwa tabia zake (bondeni, kilimani, kandokando ya mashamba, palipochomwa mkaa), kila kipande unauliza kinahitaji nini, nani atafanya, siku ngapi, mara ngapi kwa mwaka, kwa miaka mingapi.

Nikupe mfano wa hekta moja, bei ni za mfano tu wewe weka za kwenu. Tuseme unapanda miti kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hiyo ni miche 1,111. Mche kufika shimoni, ukijumlisha kiriba, udongo, kumwagilia na gari, weka sh 600. Kuchimba shimo na kupanda sh 200. Hapo ni 888,800 na bajeti nyingi sana zinaishia hapo, wanapiga mstari wanasaini. Endelea sasa. Mwaka wa pili unajaziliza asilimia 30 iliyokufa, miche 333 kwa 800, ni 266,400. Palizi mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu, kila palizi 60,000, ni 360,000. Doria na barabara za moto weka 30,000 kwa mwaka kwa miaka 10, ni 300,000. Malisho ambayo mfugaji kayakosa miaka mitatu ya kwanza, 40,000 kwa mwaka, 120,000. Jumla 1,935,200. Umeona? Ile ya kwanza ilikuwa chini ya nusu. Na kama mwisho wa miaka 10 imesimama miti 555 basi mti mmoja hai umekula karibu sh 3,500, si ile 800 ya kwenye fomu.

Hekta hiyo hiyo, kama ina visiki vilivyo hai, ifanyie kisiki hai, hii inayofanyika sana Dodoma siku hizi: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, mengine unayapogoa, unaweka alama, unalinda. Siku 6 za kazi mwaka wa kwanza kwa sh 8,000 ni 48,000, siku 3 kila mwaka kwa miaka minne inayofuata ni 96,000, doria ileile 300,000, malisho yaleyale 120,000. Jumla 564,000. Haifiki hata theluthi ya kupanda, na mizizi tayari iko chini kabisa inakunywa maji ambayo mche wa kiriba hauyaoni, ukame ukija ni nani atakufa kwanza? Ila angalia tena ndani ya hiyo 564,000, zaidi ya nusu ni doria. Ukiondoa doria umepanda chakula cha mbuzi.

Hapa ndo ninaposema kuhesabu kazi moja moja kunaonyesha kitu ambacho asilimia na bei ya kuazima hazionyeshi, unaona kabisa hela inaendea wapi na unaweza kubishana nayo. Mzee wa kilimani alituambia doria za mwaka mzima hazina maana, moto wao unakuja Septemba na Oktoba nyasi zikiwa zimekauka kabisa, bora kuchoma mapema mwezi wa tano na wa sita moto ukiwa mdogo na nyasi bado zina unyevu, alafu vijana wakae macho miezi ile miwili. Kwenye misitu mikavu ya miombo hiyo ni kweli kabisa, moto wa mapema unapita chini na wa mwisho wa kiangazi unapanda mpaka kwenye matawi. Hesabu ya kilimani ikashuka, ya bondeni ikabaki.

Ubaya wake nao upo. Kwanza unataka muda, siku tatu nne na watu wanaojua msitu, si mwenyekiti peke yake. Pili watu wanavuta kwao, siku za kazi zinaongezeka ghafla wakijua kuna mfadhili, na posho inajificha kila mstari. Tatu, na hili ndo kubwa, inaona mwisho wa mpaka wa kijiji tu. Kilimanjaro iliungua Oktoba 2020, ikaungua tena Oktoba 2022, na Andreas Hemp aliyeuchunguza mlima ule kwa miaka mingi anaonyesha kwamba moto kwenye misitu ya juu, ambayo kazi yake ni kukamata ukungu na kuugeuza maji, unaharibu maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu ambako dunia nzima inakulilia. Sasa kijiji kilichopakana na msitu kikipiga hesabu yake ya kuzuia moto kitaandika vijana, mapanga na buti, hakitaandika mkulima wa huko chini kabisa anayemwagilia kwa maji hayo. Gharama iko huku, faida iko kule, na anayechora bajeti hakai na anayenufaika. Ukitaka hiyo ionekane lazima mtu wa juu kidogo, bonde la mto au wilaya, aweke mkono.

Mawili yanayovuruga zote

La kwanza ni deni la zamani. Mfadhili wa tabianchi atakuuliza, hii doria ni ya tabianchi au ni ya kawaida ambayo mlipaswa kuwa nayo siku zote? Swali la haki kidogo na la kuudhi sana. Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa vijiji msitu lakini haikuwapa mafuta ya pikipiki. Mimi siku hizi sibishani, naweka safu mbili, moja ya kazi ambayo ilipaswa kufanyika hata mvua zisingebadilika, nyingine ya nyongeza iliyoletwa na ukame na moto mrefu, alafu chini naandika wazi kwamba safu ya pili bila ya kwanza haisimami. Njia ya asilimia haiwezi kukufanyia hivyo kabisa, kwa sababu inachukulia safu ya kwanza imeshalipwa.

La pili ni shilingi ya kesho. Msitu ni wa miaka 30, 50, na wachumi wanapenda kuipunguza thamani hela ya mbele. Shilingi 100 ya miaka 30 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka leo inahesabika kama sh 5.70, ukiipunguza kwa asilimia 3 inahesabika kama 41. Mti uleule, mtu mmoja kabadilisha kiboksi kimoja kwenye Excel na msitu umekuwa hasara. Kwa hiyo ukipewa hesabu yoyote iliyotengenezwa na mtaalamu, kabla ya kusoma jumla uliza walitumia asilimia ngapi. Mimi naonyesha mbili, ya chini na ya juu, msomaji ajionee.

Uchague ipi

Kama uko wizarani au unaandika andiko la nchi na unatakiwa namba wiki hii, tumia asilimia, ila anzia kwenye kile kinachohitajika kuulinda msitu na si kwenye kile kilichotengwa mwaka jana. Kama wewe ni asasi unataka kujua mradi ni mkubwa kiasi gani kabla ya kutumia nauli, azima bei, na uazime kutoka mahali pawili au patatu penye mvua, udongo na mazoea yanayokaribiana na kwako, ukiandika pembeni ni kitu gani kule kilikuwa cha bure. Kama wewe ni kijiji, usikubali kuandikiwa, hesabu mwenyewe. Hata ukikosea umekosea kwa vitu unavyoweza kuvirekebisha mwakani.

Na kama una pesa ya kitu kimoja tu, mimi ningeanza na moto na mifugo kwenye eneo lenye visiki hai, kupanda kungesubiri kwenye vipande ambavyo havina mizizi kabisa. Kuna vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa vizuri, vikauza mbao ya mpingo kihalali na kulipa doria kwa hela yao wenyewe, ukiwa na mti wa namna hiyo basi upande wa mapato nao uingie kwenye hesabu, maana msitu unaojilipia ulinzi si sawa na unaosubiri awamu ya pili ya mradi.

Ile fomu yetu mwishowe tuliandika namba mbili kwenye kaboksi kamoja, ya bondeni na ya kilimani, tukaweka alama ya mkwaju (/) katikati na kubana karatasi tatu za mahesabu nyuma yake. Baada ya mwezi wakapiga simu kuuliza ipi ndo namba sahihi. Katibu akawaambia subirini, akatoa zile karatasi, akaanza kuwasomea mstari kwa mstari, mashimo, palizi, doria za Septemba, mpaka salio lao likaisha.